Maji ya hita yakizidi moto: mlinde mtoto kabla ya kumtafuta fundi

Mama, kama bomba la maji ya moto linatoa mvuke ilhali hita umeiweka namba ya chini, usimwogeshe mtoto kwa maji hayo.

Ndani ya hita ya tangi kuna kifaa kidogo kinachopima joto la maji. Mafundi hukiita themostati. Maji yakifikia joto lililowekwa, kinakata umeme, yakipoa, kinaurudisha. Kikiharibika, huenda mkakosa tu maji ya moto, na huo ni usumbufu. Ninachoogopa ni pale kinaposhindwa kukata umeme. Maji yanaendelea kuchemka na ile namba ya nje haikuambii kitu tena. Maji ya nyuzi joto 60 humuunguza mtu mzima vibaya kwa sekunde chache. Ngozi ya mtoto ni nyembamba, kwa hiyo yeye huungua haraka zaidi. Maji ya kumwogeshea yanatosha yakiwa nyuzi 37 au 38.

Hita nyingi zina kinga ya pili, inayozima umeme joto likipita kiasi, na kitufe cha kuirudisha ambacho mara nyingi ni chekundu. Mama mmoja niliyemtembelea alikuwa akikibonyeza kila asubuhi, kama alivyoelekezwa na mpangaji mwenzake. Tafadhali usifanye hivyo. Kitufe kinachoruka kila mara maana yake kuna hitilafu.

Sikiliza pia kama tangi linanguruma. Valvu ya usalama ikidondosha matone machache maji yanapopashwa, ni kawaida. Ikitoa mvuke, si kawaida. Usiizibe kamwe, kwani tangi linaweza kupasuka.

Ukiona dalili hizi, zima hita kwenye swichi na umwite fundi umeme. Usifungue kifuniko mwenyewe. Mwombe apime themostati na waya wa ardhi, na aangalie chokaa kwenye koili, hasa kama mnatumia maji ya kisima yenye chumvi. Akikwambia ataunganisha umeme moja kwa moja bila themostati ili upunguze gharama, mkatalie.

Kwa sasa chemsha maji jikoni. Tia ya baridi kwanza kwenye beseni, kisha ya moto, koroga vizuri, halafu chovya kiwiko. Yawe vuguvugu tu. Endelea hivyo hata hita ikishatengenezwa.

Mtoto akiungua, mvue nguo zisizoganda kwenye ngozi, na umwagie sehemu iliyoungua maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Mwili uliobaki mfunike asipate baridi. Usipake dawa ya meno, asali, mafuta wala barafu. Funika jeraha kwa kitambaa safi bila kukaza, kisha mpeleke kituo cha afya. Ikiwa ni usoni, mikononi au sehemu za siri, au jeraha limezidi kiganja chake, nenda hospitali moja kwa moja. Mtoto mchanga mpeleke hata kama jeraha ni dogo.