Chupa ya maji ya oksijeni: kazi yake na hatari zake

Msomaji, huenda umewahi kumtembelea mgonjwa hospitalini, hapa Nakuru au kwingineko, ukaona mrija wa oksijeni puani mwake na kando yake kichupa cha maji yanayotoa mapovu. Wengi hudhani maji hayo ni dawa. La hasha! Ni maji tu, na kazi yake ni kuipa oksijeni unyevu.

Oksijeni itokayo mtungini ni kavu kabisa. Kwa kawaida pua huipasha joto hewa tuvutayo na kuitia unyevu kabla haijafika mapafuni. Oksijeni nyingi ikipita kwa kasi, pua hulemewa. Hukauka, huuma na pengine hutoka damu, nayo makohozi huwa mazito yasitoke kwa urahisi. Kwetu, hewa ya Januari na Februari huwa kavu yenye vumbi, na huzidisha shida hiyo.

Je, kila mgonjwa anahitaji chupa hii? Hapana. Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba mtoto anayepewa oksijeni kidogo kupitia vijirija vya puani haihitaji, kwani pua yake yatosha. Mtu mzima asiyepewa zaidi ya lita 4 kwa dakika pia aghalabu haihitaji. Kwa hivyo usimlaumu muuguzi asipoiweka. Unyevu unahitajika hasa kwa anayepewa oksijeni nyingi kwa muda mrefu, na kwa yule ambaye oksijeni yake haipiti puani, mathalani aliyetobolewa koo. Huyu wa mwisho huhitaji kifaa maalumu.

Hatari yenyewe ni maji yaliyokaa. Vijidudu huzaana humo, na vikifika katika mapafu ambayo tayari ni dhaifu, vinaweza kuleta nimonia. Iwapo una mgonjwa anayetumia chupa hii nyumbani, zingatia haya:

Kwanza, tumia maji yasiyo na madini yanayouzwa katika duka la dawa. Yakikosekana, chemsha maji safi, uyafunike yapoe. Kumbuka kwamba maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana madini mengi, ikiwemo floridi inayotia meno ya watoto wetu madoa. Kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi madini, nayo huweza kuziba vitundu vya chupa. Maji ya betri ya gari usiyaguse. Huenda yamechanganyika na asidi.

Pili, mwaga maji yote kila siku. Usiongeze mapya juu ya yale ya jana. Osha chupa kwa sabuni, suuza na uikaushe.

Tatu, jaza hadi alama iliyowekwa, usiipite, kisha ukaze kifuniko barabara. Ukikosa kuona mapovu ilhali oksijeni imefunguliwa, basi inavuja au imezibwa mahali, na mgonjwa haipati. Chunguza mara moja.

Nne, pua ikikauka usiipake mafuta ya kujipaka, kwani mafuta na oksijeni huweza kuwaka. Omba daktari akupe mafuta ya maji. Jiko na sigara viwe mbali kabisa.

Midomo ya mgonjwa ikigeuka rangi ya samawati, au akianza homa na makohozi ya kijani, usingoje kesho. Mpeleke hospitalini.