Kingi: kidonge kinafanana na kingine, laboratware ndiyo inajua kilicho ndani

Katika vibanda vya dawa vya Kingi, kama katika masoko mengi ya teritware ya Masisi, mgonjwa hanunui boksi. Ananunua vidonge. Muuzaji anafungua kopo la vidonge 1000, anahesabu vitano au kumi, anavifunga katika kipande cha karatasi. Kopo linabaki kwenye rafu pamoja na jina la kiwanda, tarehe ya mwisho na namba ya kundi. Mama anarudi nyumbani na vidonge vya rangi fulani, na neno la muuzaji.

Neno hilo mara nyingi ni la kweli. Lakini Ituri, jimbo jirani, lilionyesha linavyoweza kuwa si la kweli hata pale ambapo muuzaji mwenyewe hajui.

Mwishoni mwa mwaka 2014, watu walianza kufika katika vituo vya afya vya Ituri wakiwa na shingo iliyokakamaa, macho yakigeuka juu, ulimi ukitoka nje bila wao kutaka. Waganga waliwaza kwanza menenjite, ugonjwa wa uti wa mgongo, na yeyote aliyefanya kazi katika eneo hilo angewaza vilevile. Wagonjwa waliongezeka hadi kupita 1000 kufikia Agosti 2015, wengi wao watoto wadogo. Wengine walikufa.

Haikuwa menenjite. Wagonjwa walikuwa wamemeza vidonge vilivyotoka katika makopo yaliyoandikwa diazepamu, dawa ya kutuliza degedege na wasiwasi. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilifuatilia jambo hilo, na vidonge pamoja na mikojo ya wagonjwa vikapimwa. Ndani hamkuwa na diazepamu. Mlikuwa na haloperidoli, dawa ya watu wenye ugonjwa wa akili, miligramu 10 hadi 20 katika kidonge kimoja, kipimo kikubwa hata kwa mtu mzima. Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitoa onyo katika mwaka huo wa 2015. Hapa ndipo penye hatari: haukuwa unga wa mahindi uliokandamizwa. Ilikuwa dawa ya kweli na yenye nguvu, ndani ya kopo lenye jina la nyingine. Jicho lisingeweza kuiona, wala ulimi kuionja.

Njia inayotumiwa zaidi kutenganisha na kutambua vitu kama hivyo inaitwa kromatografia. Jina ni refu lakini kazi yake si ya kutisha. Mtaalamu wa mimea wa Urusi, Mikhail Tswett, alipokuwa akifanya kazi Warsaw mwanzoni mwa karne ya 20, alipitisha maji ya majani yaliyopondwa katika bomba la kioo lililojazwa unga wa chaki. Rangi ya kijani aliyoimimina ilijigawa yenyewe ikawa mistari ya kijani na ya manjano. Mwaka 1906 aliandika jina hilo, lenye maana ya kuandika kwa rangi.

Sombe inaweza kuonyesha jambo lilelile. Ukiponda majani katika alkoli ya farmasi na kusimamisha humo kipande cha karatasi inayonyonya, ile kijani moja itapanda na kuachana: manjano mahali pake, kijani mahali pake. Ni kama watu wanaopanda mlima kutoka Sake wakati wa matope. Anayeshikwa na matope kila hatua anabaki nyuma, mwenye kupita kwa wepesi anatangulia. Wakisimamishwa wote saa ileile, kila mmoja anakutwa mahali pake.

Kwa vidonge, karatasi inaachia nafasi bamba dogo lililopakwa unga mweupe wa silika. Kidonge kinapondwa na kuyeyushwa, tone lake linawekwa karibu na ukingo wa chini wa bamba. Pembeni linawekwa tone la dawa ya mfano, ile ambayo kila mtu anajua ni ya kweli. Bamba linasimamishwa katika chombo chenye kimiminika kidogo, nacho kinapanda polepole na kubeba matone. Baadaye bamba linakaushwa na kuangaliwa chini ya taa ya mwanga wa urujuanimno, na madoa yanajitokeza. Doa la kidonge likisimama urefu mmoja na la mfano, dawa iko ndani. Lisipoonekana, haimo. Likitokea mahali pengine, mna kitu kingine, na kazi ya kukitafuta jina inaanza.

Vifaa vyote hivyo vinaingia katika masanduku yanayobebeka. Minilab, iliyotengenezwa na shirika la Ujerumani la GPHF, inapima dawa zaidi ya 100, na taa yake inatumia betri. Kivu inaijua: huko Bukavu, ghala la dawa la DCMP la kanisa la 8e CEPAC ni mojawapo ya wanachama wa mtandao wa maghala ya dawa ya makanisa unaotumia Minilab. Kati ya mwaka 2010 na 2015 mtandao huo ulipima sampuli 869 katika nchi mbalimbali. Sampuli 21 zilithibitishwa kuwa dawa bandia au zisizofikia ubora unaotakiwa, nyingi zikitoka Kamerun na Kongo.

Minilab ina mipaka yake. Mfano mmoja una dawa asilimia 100, mwingine asilimia 80, na jicho linalinganisha ukubwa na nguvu ya madoa. Kidonge kitupu kinakamatwa haraka. Kidonge chenye asilimia 88 kinaweza kupita. Kwa hesabu kamili lazima mashine ya kromatografia ya majimaji, inayosukuma sampuli kwa nguvu katika bomba jembamba na kuandika kiasi cha kila kitu kinachotoka. Hiyo inataka umeme usiokatika, kemikali safi na mtu aliyesomea, na Kingi haina hata kimoja cha kutegemea.

Barabara nayo ni tatizo. Kutoka Kingi sampuli inapita Sake hadi Goma, halafu ziwa hadi Bukavu, katika eneo ambalo vita vimefunga na kufungua njia mara nyingi. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa mwishoni mwa Januari 2025. Njia rasmi za dawa zikibanwa, kama ile ya ASRAMES inayohudumia zoni za afya za Kivu ya Kaskazini, kopo la asili isiyojulikana ndilo linapata nafasi kwenye rafu.

Ituri, jibu lilipatikana kwa sababu kulikuwa na vidonge vya kupima. Mgonjwa wa Kingi akipatwa na jambo geni baada ya kumeza dawa, vidonge vilivyobaki vinapaswa kufika kituo cha afya pamoja naye, katika karatasi yao ileile. Muuganga anahitaji pia picha ya kopo alilonalo muuzaji, upande ule wenye namba ya kundi.