Usichome Makaratasi ya Guka: Vile Faili ya Mwalimu Hugeuka Kuwa Doo

Ukiambiwa "tupatane Archives" hapa tao, unajua tu ni zile ngazi za Moi Avenue: wasee wakingoja watu wao, mhubiri na spika yake, na makanga wakiita abiria. Wengi wetu hatujawahi ingia ndani. Hilo jengo kitambo lilikuwa benki, Bank of India. Siku hizi ni makao ya Hifadhi ya Kumbukumbu za Taifa, taasisi iliyoanzishwa kisheria 1965. Kati ya vitu ziko huko ni faili za Idara ya Elimu za enzi ya mkoloni, zinazoonyesha vile shule ziliendeshwa na walimu waliajiriwa aje.

Unaeza sema hiyo ni story ya mahistorian. Zii. Kama kwenu ocha kuna guka, shosh, mathe ama mbuyu aliyewahi shika chaki, hizi rekodi za kazi na mshahara zinakuhusu direct. Karatasi moja ikikosekana, pensheni inapungua ama inakwama kabisa. Wacha tuelezane polepole.

Kabla ya TSC, odijo alikuwa wa nani?

Enzi ya mkoloni hakukuwa na mwajiri mmoja wa walimu. Kuna wale waliajiriwa na misheni, wengine na bodi za elimu za wilaya, wengine na mabaraza ya miji. Kila mtu na masharti yake. Mshahara pia ulifuata rangi ya ngozi: Mzungu alikuwa na kiwango chake, Mhindi chake, na Mwafrika akaachiwa kile cha chini, hata kama wote wanafunza watoto kusoma na kuandika.

Chama cha walimu, KNUT, kilizaliwa 1957, na moja ya vitu kilipigania ni walimu wawe chini ya mwajiri mmoja. Hiyo ndiyo ilileta TSC mwaka wa 1967. Katiba ya 2010 ikaipa nguvu zaidi kupitia Kifungu cha 237, halafu kukawa na sheria mpya ya TSC ya 2012.

Kwa nini hii ni muhimu? Juu faili ya mwalimu haianzi siku alipandishwa cheo ama siku alikuwa hedi. Inaanza na barua ya kwanza ya kuajiriwa. Ticha akihamishwa kutoka shule moja hadi ingine, kila mahali anafaa kuacha alama: siku aliripoti, siku aliondoka, nani aliweka sahihi. Alama moja ikipotea, kwa rekodi inakaa ni kama alikuwa amelala kejani hiyo miezi yote.

Hesabu ni hii

Kwa walimu walio kwa mfumo wa zamani wa pensheni, formula si siri. Unachukua mshahara wa msingi wa mwisho wa mwaka mzima, unagawanya kwa 480, halafu unazidisha na idadi ya miezi mtu alifanya kazi. Vitu viwili pekee ndio vinaamua kila kitu: mshahara wa mwisho na miezi.

Chukua mfano. Mwalimu anastaafu na mshahara wa msingi wa 48,000 kwa mwezi, ambayo ni 576,000 kwa mwaka. Amefunza miaka 30, yaani miezi 360. Ukigawanya 576,000 kwa 480 unapata 1,200. Zidisha na 360, pensheni ya mwaka inakuwa 432,000. Kwa kawaida mtu anachukua robo ya hiyo kama mkupuo, na hiyo robo inazidishwa mara 20. Robo ni 108,000, kwa hivyo mkupuo ni 2,160,000. Inayobaki inampa 27,000 kila mwezi.

Sasa tuseme rekodi za miaka mitatu hazionekani. Labda faili ilibaki kwa ofisi ya wilaya ilipogawanywa, ama mchwa walikula. Miezi inashuka hadi 324. Mkupuo unakuwa 1,944,000 na pensheni ya mwezi 24,300. Mzee amepoteza 216,000 mara moja, na 2,700 kila mwezi mpaka siku ya mwisho. Hakuna mtu amemwibia na bunduki. Ni karatasi tu hazikuonekana.

Kuna mahali mbaya zaidi. Kwa huo mfumo, ili mtu apate pensheni ya kila mwezi anahitaji angalau miaka 10 ya kazi. Sasa imagine shosh alifunza miaka 10 na miezi miwili, lakini rekodi zinaonyesha miaka tisa na nusu. Hapo si kupunguziwa. Hiyo pensheni ya kila mwezi anaikosa kabisa.

Kesi iliyofunza watu

Kama unadhani naongeza chumvi, uliza walimu waliostaafu kati ya 1997 na 2007. Mwaka wa 1997, walimu waligoma miezi michache kabla ya uchaguzi, na serikali ikakubali kuwaongeza mshahara kwa asilimia 150 hadi 200, pole pole kwa awamu. Makubaliano yakachapishwa kama tangazo rasmi la kisheria. Baada ya awamu ya kwanza, serikali ikaanza kuvuta miguu.

Wale waliostaafu hapo katikati wakajipata pabaya. Pensheni zao zilipigiwa hesabu na mshahara ule walikuwa wanapokea, si ule waliahidiwa kwenye makubaliano. Unakumbuka formula? Mshahara wa mwisho ukiwa mdogo, kila kitu kinakuwa kidogo. Wakaenda Mahakama Kuu ya Nakuru, na 2008 wakashinda. Tunazungumzia walimu zaidi ya 50,000.

Kushinda kortini na kuona doo kwa akaunti ni vitu mbili tofauti. Walizungushwa miaka mob baada ya uamuzi, na kuna wale walienda kaburini kabla ya kuona haki yao. Familia zikabaki zikifuatilia. Kenye kiliwapea walimu nguvu kortini si kelele: ni makubaliano yalikuwa yameandikwa na kuchapishwa, na mishahara yao ilikuwa kwa rekodi.

Makaratasi ya kuweka

Ukienda ocha, keti na mzee umuulize hizi vitu ziko wapi:

- Barua ya kwanza ya kuajiriwa. Hii ndiyo mama ya zote.
- Barua ya kuthibitishwa kazini.
- Barua za uhamisho na za kupandishwa cheo.
- Payslip, haswa za mwisho kabla ya kustaafu.
- Namba ya TSC. Hata kama karatasi zingine zimepotea, hii namba inafungua milango.
- Kitambulisho na cheti cha ndoa kama jina lilibadilika.

Hiyo ya jina usicheze nayo. Kuna shosh aliajiriwa na jina la baba, akaolewa, kitambulisho kikatoka na jina la bwana, benki ikaandika jina la ubatizo. Kwa kompyuta hao ni watu watatu. Tarehe ya kuzaliwa nayo vilevile, juu wazee wengi walizaliwa bila cheti na tarehe iliandikwa kwa kukadiria. Rekebisha hizo vitu mapema, mwenyewe akiwa bado anaeza kuongea.

Baada ya hapo piga picha zote na simu, weka nakala mahali pawili. Lakini usitupe zile halisi.

Faili ikikwama, anza wapi?

Usianzie Archives. Faili ya mtu binafsi ni ya mwajiri, na rekodi za serikali kwa kawaida hufunguliwa kwa umma baada ya miaka 30. Archives itakusaidia kujua historia, kwa mfano shule fulani ilikuwa chini ya nani 1955. Nakala nyingi za zamani za Kenya Gazette pia ziko Google Books bure, na huko utapata majina ya maafisa wa elimu walioteuliwa enzi hizo.

Kwa mambo ya doo, njia ni hii. TSC ndiyo hutayarisha faili ya madai, kwa hivyo anza na ofisi yao ya kaunti. Ikishatoka hapo inaenda Idara ya Pensheni, chini ya Hazina ya Taifa, wanaopiga hesabu na kulipa. Ukiambiwa "faili haionekani", uliza iko kwa nani kati ya hao wawili, na uandike barua. Usiishie kwa mdomo.

Sheria iko upande wako. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na pia kurekebishwa kwa habari za uongo kukuhusu. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inataka ofisi ikujibu ndani ya siku 21. Wakinyamaza, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki za Utawala, ile wasee huita Ombudsman. Na msee akipiga simu akitaka "kitu kidogo" ndio faili isonge, huyo ni konda wa matapeli. Kata simu.

Na wewe odijo mpya?

Usidhani hii ni shida ya wazee. Kuanzia Januari 2021, watumishi wa umma walio chini ya miaka 45, walimu wakiwemo, waliingizwa kwa mfumo mpya wa kuchangia. Ilianza na asilimia 2 ya mshahara wa msingi, ikapanda hadi 5, halafu 7.5. Serikali inaongeza asilimia 15. Hapo pensheni yako ni zile doo ziliingia kwa akaunti yako pamoja na faida yake. Angalia payslip kila mwezi uone makato, halafu hakikisha yamefika kwa mfuko.

Na kama ulianza kama intern wa Junior School na ile 20,000 kwa mwezi, weka kandarasi yako na barua ya kuripoti shuleni. Walimu wa 1997 hawakujua watahitaji makaratasi yao kortini miaka 10 baadaye. Wewe sasa unajua.

Kwa hivyo wikendi ukienda ocha, kabla mtu aamue kusafisha lile sanduku la chini ya kitanda na kuwasha jiko na "takataka za guka", pitia hizo karatasi moja moja. Kuna moja inaeza kuwa na thamani ya 2,700 kila mwezi.