Nyasi za Tsavo Zatosha Walaji Wangapi?

Juma hili tumeona vema tuzungumze juu ya chakula. Wala si kile cha mezani mwetu peke yake, bali chakula cha viumbe wote tunaokaa nao katika nchi hii ya udongo mwekundu. Kuna swali ambalo watoto wa shule ya Jumapili hutuuliza, nao wakubwa hutuuliza kwa chinichini: Ikiwa simba ndiye mwenye nguvu kuliko wote, mbona simba ni wachache na swala ni wengi? Mbona mwenye nguvu hakuijaza mbuga?

Jibu lake halimo katika meno wala makucha. Limo katika nyasi.

Kila asubuhi jua huchomoza upande wa bahari na kuimwagia nyika ya Tsavo nguvu nyingi mno. Lakini mnyama hawezi kula mwanga. Ndovu akisimama juani kutwa, jioni atakuwa na njaa ile ile. Ni jani la kijani tu liwezalo kuushika mwanga, likauunganisha na maji ya mizizini na hewa, likafanya sukari na wanga. Na hata jani lenyewe hushika kidogo: katika mafungu 100 ya nguvu za jua yalifikiayo, kwa kawaida halihifadhi hata mafungu mawili. Hicho kidogo ndicho ghala ya nchi nzima. Swala, mchwa, fisi, mkulima wa Sagalla na mwenye mbuzi kule Kasigau, wote huchota humo. Zaburi ya 104 yamtaja simba na mkulima pamoja katika habari ya wanaotoka kutafuta riziki, mmoja usiku na mwingine mchana, na sisi twaona mwenye Zaburi alikuwa ameangalia vizuri.

Sasa, nguvu hizo, ambazo vitabu vya shule siku hizi huziita nishati, hazipiti kutoka kinywa hadi kinywa bila kupungua. Weka mkono ubavuni mwa ng'ombe alfajiri, kabla hajakamuliwa. Ana joto. Joto lile limetoka wapi? Ni nyasi za jana zinateketea ndani yake polepole, kama kuni chini ya chungu. Ng'ombe hutumia nguvu kwa kupumua, kutembea, kucheua na kufukuza nzi. Na sehemu nyingine hupita tumboni ikatoka kuwa samadi. Kinachobaki kikawa nyama na maziwa ni haba.

Wataalamu hukadiria kwamba kwa kila ngazi ya ulaji, ni kama sehemu moja tu katika kumi ya nguvu za ngazi ya chini iwezayo kuonekana katika miili ya ngazi ya juu yake. Aliyelieleza jambo hili kwa hesabu ni kijana Mmarekani, Raymond Lindeman, aliyechunguza kiziwa kidogo huko Minnesota. Makala yake ilitoka mwaka 1942, naye alikuwa amekwisha kufariki mwaka ule ule, akiwa na umri wa miaka 26. Hiyo moja kwa kumi si kipimo cha dukani; pengine hupungua, pengine huzidi. Lakini yatosha kutufungua macho. Nyasi za mafungu 1,000 hufanya swala wa mafungu 100, na hao swala hufanya chui wa mafungu 10. Akitokea mnyama wa kumla chui kila siku, atabakiwa na fungu moja tu, na kwa fungu moja hakuna ukoo uwezao kuzaana.

Ndiyo maana katika mnada wa mavuno pale kanisani kikapu cha mahindi na mbuzi havilingani bei. Mbuzi yule amekwisha kula vikapu vingi njiani. Mama anayewapikia watoto kimanga cha muhogo na maharagwe huwalisha karibu kabisa na mlango wa ghala, na shamba dogo humtosha kuliko lingemtosha angetaka kuwalisha nyama kila siku. Asije mtu akasema tumeharamisha nyama! Kule Maungu na Kasigau, mahali ambapo mahindi hukauka yakiwa kimo cha goti, mbuzi hula vichaka vya miiba tusivyoweza kuvila sisi, akatuletea kitu mahali ambapo jembe halileti.

Turudi kwa simba. Mwaka 2021 Serikali ilipowahesabu wanyama wa pori nchi nzima, simba walikadiriwa kuwa 2,589. Nyati walipita 41,000, na punda milia wa kawaida walipita 120,000. Wataalamu wawili, Chris Carbone na John Gittleman, walilinganisha hesabu za namna hii kutoka sehemu nyingi za dunia, wakatangaza mwaka 2002 kwamba kilo 10,000 za wanyama wawindwao hutunza kama kilo 90 tu za mnyama mla nyama. Kilo 10,000 ni kama nyati ishirini walio hai na wanaoendelea kuzaa. Kilo 90 hazimtimizi hata simba jike mmoja aliyekomaa. Mfalme wa mbuga, basi, ndiye mwenye kitega uchumi chembamba kuliko wote.

Na ngazi za chini zikivunjika? Wengi mmesikia habari za simba wawili waliowala wajenzi wa reli penye daraja la mto Tsavo mwaka 1898, hata John Henry Patterson akawaua Desemba ya mwaka huo. Habari hiyo husimuliwa kama hadithi ya ukali. Lakini miaka michache kabla yake ugonjwa wa sotoka ulikuwa umepita Afrika Mashariki, ukawafyeka ng'ombe na nyati. Hatusemi kuwa hiyo ndiyo sababu peke yake, maana waliochunguza mafuvu walikuta mmoja wa simba wale alikuwa na jino bovu, na simba mwenye jino bovu hawezi kumkamata nyati. Hata hivyo ni vigumu kuisimulia habari ya vifo vile tukaiacha sotoka nje.

Ndovu ana habari nyingine. Yeye ni mzito kuliko simba mara nyingi, tena ni wengi kuliko simba: hesabu ile ya 2021 ilionyesha 36,280 nchini, karibu 15,000 kati yao katika nchi ya Tsavo. Yawezekanaje? Kwa kuwa hula nyasi na matawi yenyewe. Hakuna aliyetangulia kula na kupunguza. Lakini tumbo lake ni la hasara. Ndovu mkubwa aweza kula kilo 150 kwa siku, na kiasi kisichofika nusu ndicho ayeyushacho. Kilichobaki humwaga chini, na hapo wengine huanza karamu. Dundu hufinyanga mavi yake na kuyavingirisha, nyani hutafuta mbegu ndani yake, mchwa huyabeba mpaka kichuguuni wakaoteshea ukungu wanaoula. Muhanga naye huja usiku kuchimbua mchwa. Mvua za Novemba zikinyesha, kumbikumbi huruka, na watoto wetu huwaokota penye taa. Mbolea hurudi udongoni ikaotesha tena. Joto halirudi. Limekwenda zake hewani, na kama jua lisingetoka kesho yake, ghala isingejazwa na kitu kingine chochote.

Wazee wa Voi wanaukumbuka ukame wa 1970 na 1971. Katika miaka iliyotangulia ndovu walikuwa wameongezeka sana ndani ya mbuga, wakaangusha miti na kuichana mibuyu hata vichaka vikageuka kuwa uwanda. Mtaalamu Mwingereza, Richard Laws, alishauri wapunguzwe kwa bunduki. David Sheldrick, mkuu wa Tsavo Mashariki pale Voi, akakataa, na Laws akaondoka mwaka 1968. Kisha mvua zikakosa. Ndovu wapatao 6,000 walikufa. Na walikufa kwa nini? Wengi hudhani ni kiu. Lakini mto Galana ulikuwa na maji. Waliokufa zaidi ni majike na watoto wao, maana mama mwenye mtoto hawezi kwenda mbali na maji. Majani yaliyo karibu na mto yakaliwa yakaisha, na kila hatua ya kuyafuata mengine ilikula nguvu nyingi kuliko zilizopatikana huko. Walikufa wameshiba maji. Hata leo watu hubishana ni nani aliyekuwa na haki, Laws au Sheldrick. Baadaye wawindaji wa pembe walifanya kazi ambayo hakuna kati ya hao wawili aliyeitaka: mwaka 1988 ndovu wa Tsavo walikuwa wamebaki chini ya 7,000, na vichaka vikaota tena.

Mambo hayo hayakuishia zamani. Novemba 2022 Serikali ilitangaza kwamba tangu Februari hadi Oktoba ukame uliwaua ndovu 205, nyumbu 512 na punda milia wa kawaida 381 nchini, na Tsavo ilikuwa mojawapo ya sehemu zilizoumia zaidi. Miaka kama hiyo wenye ng'ombe, wengine wakiwa wametoka mbali, huingia na mifugo katika ranchi zetu na hata mbugani, na majirani hugombana mpaka damu. Watu hutujia wakitaka tuseme nani mwenye haki. Haki ina mahali pake pa kusikilizwa. Lakini kabla ya kesi kuna hesabu, na hesabu haina ndugu: jani lililokwisha kuliwa na ng'ombe haliliwi na nyati, na ranchi isiyopata mvua haiwezi kulisha makundi mawili hata wote wakipewa vibali. Anayemlaumu mfugaji bila kuitazama nyasi hajaielewa shida yake, wala anayemtetea bila kuitazama.

Nao watu wa Sagalla wako katikati ya hesabu hiyo. Punje ya hindi ni nguvu za jua zilizofungwa mahali padogo. Kwa ndovu ambaye lazima atembee kutwa akitafuna vijiti na kupoteza zaidi ya nusu, shamba la mahindi mabichi ni karamu ya bure. Usiku mmoja humtosha kumaliza jasho la msimu mzima la mama mmoja, na kumwambia mama huyo kwamba ndovu naye ana njaa si kumfariji.

Huko Sagalla wamejaribu kitu kimoja kilichotufurahisha. Mizinga ya nyuki hutundikwa kuzunguka shamba na kuunganishwa kwa waya. Ndovu akiugusa waya mizinga hutikisika, nyuki hutoka, naye huwaogopa kweli. Katika misimu mizuri ya mazao ua huo umewageuza hadi ndovu 86 katika kila 100 waliolikaribia shamba, na mwenye shamba hupata asali juu yake. Lakini nyuki naye anakula. Chakula chake ni maua, na maua ni jua na mvua kama nyasi. Mvua ikikosa, nyuki huhama, mizinga hubaki mitupu, na hiyo ndiyo miaka ndovu wanapokuja wakiwa na njaa zaidi. Mwenye shamba hukesha tena na tochi yake na debe la kugonga.