Mariamu, Maria na Meri: Jina Moja au Majina Matatu?

Wafasiri na makarani hutuuliza mara kwa mara ni umbo lipi lililo sanifu kati ya Mariamu, Maryamu, Maria, Miriamu na Meri. Swali hili lina pande mbili, na jawabu la upande mmoja silo jawabu la upande wa pili.

Kwa asili, maumbo yote hayo yametoka katika jina la Kiebrania Miryam, lililokuwa la dada yao Musa na Haruni. Waliofasiri Torati kwa Kiyunani waliliandika Mariam. Na katika Agano Jipya la Kiyunani hutumika Mariam na Maria pia. Kilatini kilishika Maria, na kutokana nalo Wafaransa wakapata Marie na Waingereza Mary. Kwa Kiarabu jina ni Maryam, nalo ndilo jina la sura ya 19 ya Kurani.

Kiswahili kimelipokea jina hili kwa njia kadhaa. Maryam limetupa Maryamu na Mariamu. Irabu u haikuongezwa ovyo: konsonanti zitamkwazo kwa midomo huvuta u mwishoni, kama katika Adamu, Yakubu na Yusufu, hali d huvuta i, kama katika Rashidi na Daudi. Maria halikuhitaji nyongeza, kwani tayari laishia kwa irabu. Meri limefuata matamshi ya Kiingereza. Aidha, Biblia ya Union Version humwita mama yake Yesu Mariamu na dada yake Musa Miriamu, ingawa asili ni moja.

Upande wa pili ndio mzito. Katika maandiko ya dini na historia, mfasiri hana budi kufuata umbo lililozoeleka kwa wasomaji wake. Lakini jina la mtu aliye hai si istilahi, wala halifasiriwi. Karani amwandikaye Bi. Mary "Mariamu" kwa nia ya kukuza Kiswahili, au mwalimu amwandikaye Maryam "Maria", hasanifishi lugha. Anazaa mtu wa pili katika karatasi. Cheti cha kuzaliwa kikisema hivi na cha shule vile, atakayetaabika ni mwenye jina, pengine siku ya kudai mirathi au kiinua mgongo, atakapotakiwa kuapa kwamba yeye ni yeye.

Kwa hiyo tunashauri kwamba jina la mtu linakiliwe herufi kwa herufi kama lilivyo katika cheti chake cha kuzaliwa. Na penye shaka, aulizwe mwenyewe.