Vita Vikiisha, Jeshi Linaenda Wapi? Uganda Ilivyowarudisha Nyumbani Askari Zaidi ya 36,000

Vita vinavyoanza kila mtu anasikia. Ila wachache hujiuliza: siku bunduki zikinyamaza, wale maelfu walioshika silaha wanaenda wapi?

Jibu lipo hapa jirani, Uganda.

Februari 6, 1981, Yoweri Museveni na wenzake wachache walivamia kambi ya jeshi ya Kabamba wakiwa na bunduki 27 tu. Miaka mitano baadaye, Januari 1986, jeshi lao la NRA likaiteka Kampala.

Ushindi ukaja na mzigo wake. NRA haikubaki na watu wa msituni peke yao. Ilipokea askari wa jeshi lililoshindwa, pia wapiganaji wa vikundi vingine, kama UPDA waliokubali amani Gulu mwaka 1988. Kufikia 1992 jeshi lilikuwa na watu wapatao 90,000.

Wote hao wanakula, wanavaa, wanatibiwa na wanalipwa, huku shule na zahanati zinasubiri. Wafadhili nao walikuwa wanabana: punguzeni matumizi ya jeshi.

Walifanyaje?

Mwaka 1992 serikali iliunda bodi ya kuwasaidia maveterani. Kati ya 1992 na 1995, kwa awamu tatu, askari zaidi ya 36,000 waliachishwa kazi.

Hawakuambiwa tu kwaheri. Askari alikabidhi silaha, akapewa cheti cha kuachishwa na usafiri wa kurudi kwao, yeye na familia yake. Alipata pia mabati ya kuezekea, jembe, mbegu na pesa zilizolipwa kwa mafungu.

Kwa nini mafungu? Mtu aliyezoea kula na kulala kambini akishika pesa zote siku moja, mwezi hauishi zimeshayeyuka.

Ugumu ulikuwa wapi?

Kwanza, ardhi. Jembe bila shamba ni chuma tu. Mchumi Paul Collier alichunguza suala hili Uganda, akakuta kwamba hofu ya wengi, kuwa wanajeshi wote wa zamani watageuka majambazi, haikuwa kweli. Waliokuwa kwenye hatari kubwa ya kuingia kwenye uhalifu ni wale waliokosa ardhi.

Pili, wengine waliingia jeshini wakiwa watoto, wale walioitwa "kadogo". Hawakuwahi kulima wala kumaliza shule. Kazi waliyoijua ni moja tu.

Tatu, vita vya kaskazini dhidi ya LRA viliendelea. Jeshi, ambalo katiba ya 1995 iliita UPDF, likaendelea kuhitaji watu. Baadaye likazuka suala la askari hewa: majina kwenye orodha ya mishahara, watu hawapo.

Tunajifunza nini?

Tanzania nayo ilipitia haya. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, maelfu ya mgambo walivua sare wakarudi vijijini. Kama kuna mzee wa namna hiyo kwenu, iwe Kerenge, Korogwe mjini au Handeni, muulize siku aliyorudi alikuta nini.

Mkataba wa amani unasainiwa siku moja. Kumrudisha askari awe mkulima, baba na jirani ni kazi ya miaka, na inaanza na kitu cha kawaida kabisa: awe na pa kulima.