Kujenga Shule Njema

Watoto, kila siku mnaingia darasani, mnakaa, mnafungua madaftari. Je, mmepata kuuliza kwa nini madirisha yamewekwa upande huu, wala si upande ule? Nyumba ya shule husaidia masomo, au huyazuia. Joto likizidi, mtoto husinzia. Giza likizidi, hasomi vizuri ubao. Kwa hiyo mjenzi mwenye akili, kabla ya kuchimba msingi, huuliza maneno mawili: Nchi hii ikoje? Na mtoto anahitaji nini?

Tutazame kwanza nchi yetu. Likasi iko juu, zaidi ya mita 1,200 kupita bahari, nayo ina vilima. Mvua hunyesha kuanzia karibu mwezi wa kumi na moja mpaka mwezi wa nne. Kisha huja kiangazi. Mwezi wa sita na wa saba asubuhi kuna baridi, na upepo wa kusini-mashariki huleta vumbi.

Jua nalo lina njia yake. Asubuhi na jioni liko chini, na miali yake hupita chini ya paa na kuingia ndani. Saa sita liko juu, na paa huikinga. Kwa hiyo ni vizuri nyumba iwe ndefu kutoka mashariki kwenda magharibi. Kuta fupi za mwisho zielekee mashariki na magharibi, bila madirisha. Madirisha yawe kaskazini na kusini. Mwezi wa sita jua la saa sita huinama upande wa kaskazini, nalo hupasha moto kidogo ukuta wa upande huo wakati wa baridi.

Mvua kubwa hushuka kwa nguvu vilimani. Mjenzi akikata miti yote, maji huchukua udongo, na korongo huanza. Leo korongo ni dogo, mtoto huliruka. Miaka ikipita, litafika kwenye ukuta wa darasa. Mnajua habari ya mtu aliyejenga nyumba yake juu ya mchanga. Basi msingi uinuliwe, mifereji ichimbwe, na miti iachwe isimame. Mwembe mmoja mkubwa ni darasa la pili wakati wa joto.

Na matofali? Katanga ina vichuguu vikubwa kama nyumba. Wafyatua matofali huupenda udongo wake, kwa maana mchwa wameuchagua: hauna mawe mengi, nao hushikana vizuri. Lakini tanuru hula kuni nyingi. Anayechoma matofali imempasa kupanda miti.

Sasa tumtazame mtoto. Benchi liwe la kimo chake, miguu iguse chini. Anayeandika kwa mkono wa kuume, mwanga umtokee kushoto, ili kivuli cha mkono kisifunike maandiko. Mlango ufunguke kwa nje, ili wote watoke upesi ikiwa kuna hatari. Mahali pa ngazi pawe na njia ya mteremko kwa mtoto atembeaye kwa magongo. Vyoo vya wavulana na vya wasichana vitengwe, tena viwe mbali na kisima, upande wa chini yake. Bati tupu hupiga kelele mvua inaponyesha, hata sauti ya mwalimu haisikiki. Kwa hiyo dari inafaa sana.

Katika nchi ya Burkina Faso kuna kijiji kiitwacho Gando. Francis Kéré alizaliwa huko mwaka 1965. Kijijini hapakuwa na shule, naye akaenda kusoma mbali, katika darasa lenye joto na watoto wengi mno. Hakusahau. Alipokuwa akijifunza ujenzi Ujerumani, alitafuta fedha, na wanakijiji wakajenga pamoja naye: watoto walibeba mawe, akina mama walipigapiga sakafu. Mwaka 2001 shule ilikuwa tayari. Kuta ni za udongo uliochanganywa na saruji kidogo. Dari ni ya matofali yenye matundu, na bati limeinuliwa juu yake, hivi hewa ya moto hupanda na kutoka. Mwaka 2022 alipewa tuzo ya Pritzker, Mwafrika wa kwanza kuipata.

Je, na sisi tujenge vilevile? Hapana. Gando ni nchi ya joto kali; hapa kuna asubuhi za baridi na vumbi, kwa hiyo madirisha yetu yafungike. Tusiige nyumba yake, tuige kuuliza kwake. Mungu alitupa udongo, miti, upepo na jua, na akili ya kuvitumia.

Maswali
1. Madirisha ya darasa lenu yanaelekea wapi?
2. Maji ya mvua hupita wapi katika uwanja wa shule? Chora njia yake.
3. Mti gani ungefaa kupandwa, na mahali gani? Sema sababu.